Kuchagua Masomo Sekondari: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujaza Fomu

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kuna familia katika kaunti yetu zinazogundua jambo moja zikiwa zimechelewa. Mtoto amepata alama nzuri ya jumla, lakini kozi aliyoitamani tangu utotoni haipati. Hakufeli. Miaka miwili au mitatu nyuma aliacha somo fulani, au alilipuuza, na hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba somo hilo ndilo ufunguo wa kozi hiyo.

Makala haya ni somo kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa Kilifi. Ukimaliza kuyasoma utaweza kutofautisha masomo ya lazima na ya kuchagua, kueleza kwa nini alama ya jumla peke yake haitoshi kumpeleka mtoto chuoni, na kumsaidia mwanao kulinganisha masomo anayochagua na kazi anayoitaka. Mwishoni kuna maswali mafupi ya kujipima.

Mifumo miwili kwa wakati mmoja

Mwaka huu wa 2026 shule zetu zina wanafunzi wa mifumo miwili. Wanafunzi wa Kidato cha 3 na cha 4 wako katika mfumo wa 8-4-4. Hao ndio wa mwisho, na KCSE ya mwisho ya mfumo huo itafanywa mwaka 2027. Wenzao wa Gredi ya 10 walioingia Sekondari Pevu mwezi Januari ndio kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi, na watakamilisha Gredi ya 12 mwaka 2028.

Kwa hivyo nyumba moja inaweza kuwa na dada anayejiandaa kwa KCSE na kaka aliye Gredi ya 9 anayejiandaa kuchagua mkondo. Masharti yao si sawa, na mzazi akichukua ushauri wa mmoja na kumpa mwingine, anaweza kumpotosha. Tutaangalia kila mfumo kivyake.

Sekondari Pevu: manne ya lazima, matatu ya kuchagua

Katika Sekondari Pevu kila mwanafunzi husoma masomo saba. Manne ni ya lazima kwa wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Hisabati yenyewe imegawanywa mara mbili. Wanaochagua sayansi na teknolojia husoma Hisabati Kuu, ambayo ni pana zaidi. Wa mikondo mingine wana Hisabati ya Kimsingi, inayolenga matumizi ya kila siku. Mbali na hayo, shule hutoa vipindi vya mazoezi ya mwili na teknolojia ya habari na mawasiliano kwa kila mwanafunzi.

Masomo matatu yanayobaki mwanafunzi huyachagua mwenyewe, na angalau mawili kati yake lazima yatoke katika mkondo wake. Mikondo ni mitatu:

Mkondo wa kwanza ni wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana na wengi kama STEM. Ndani yake kuna sayansi zenyewe, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Kuna pia sayansi za matumizi kama vile Kilimo, Kompyuta na Sayansi Kimu, na masomo ya ufundi kama vile umeme, ujenzi, useremala, uchomeleaji na ufuaji wa vyuma, usafiri wa anga, na bahari na uvuvi.

Mkondo wa pili ni wa Sayansi za Jamii. Humu mna lugha na fasihi, ikiwemo Fasihi ya Kiswahili, Kiarabu na Kifaransa. Mna pia Historia na Uraia, Jiografia, masomo ya dini na Biashara.

Mkondo wa tatu ni wa Sanaa na Michezo: muziki na densi, sanaa za uchoraji na ufinyanzi, maigizo na filamu, na michezo.

Wizara ya Elimu ilichapisha orodha ya michanganyiko ya masomo inayokubalika. Mwanafunzi hachukui masomo yoyote matatu yanayomjia kichwani. Huchagua mchanganyiko uliomo katika orodha hiyo, na shule anayoiomba lazima iwe inaufundisha. Hapo ndipo wazazi wengi huteleza. Shule inaweza kuwa na jina kubwa lakini isifundishe mchanganyiko unaomfaa mwanao. Nyingine inaweza kuwa karibu na nyumbani, ada yake ikiwa nafuu, na ikawa na somo lile lile mnalolitafuta.

Uteuzi wa mtoto unategemea nini?

Kundi la kwanza lilichagua mikondo na shule mwaka 2025 likiwa Gredi ya 9. Kila mwanafunzi alitaja shule 12: tisa za bweni, kati yake tatu za kaunti ya nyumbani na sita za nje, pamoja na tatu za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Wazazi wa Gredi ya 9 mwaka huu wapate waraka mpya kutoka kwa mwalimu mkuu, ili wafuate maagizo ya mwaka wao badala ya kumbukumbu za jirani.

Alama za kumpanga mwanafunzi hazitoki katika mtihani mmoja. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 katika mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, yaani KJSEA. Mtihani huo una viwango vinane, kuanzia kuzidisha matarajio, wenye pointi 8, hadi kiwango cha chini kabisa, chenye pointi 1. Kwa masomo tisa, pointi za juu kabisa ni 72.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba safari ya mkondo huanza mapema. Mtoto wa Gredi ya 7 anayekosa shule kila siku ya mnada ili achunge ng'ombe au auze dukani anapunguza alama zitakazohesabiwa anapochagua mkondo. Na mtoto anayependa sayansi lakini anayumba katika Hisabati na Sayansi Jumuishi anafaa kusaidiwa sasa. Muhula wa mwisho wa Gredi ya 9 utakuwa umechelewa.

Walio katika 8-4-4: masharti ya KCSE

Mwanafunzi wa 8-4-4 hufanya masomo yasiyopungua saba. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima. Huongeza angalau sayansi mbili kati ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na somo moja la jamii kama vile Historia, Jiografia au Dini. Lililobaki huchaguliwa kati ya masomo kama Kilimo, Kompyuta, Sayansi Kimu, Biashara, Kiarabu, Kifaransa au Muziki.

Tangu KCSE ya mwaka 2023, alama ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Kila alama ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na hivyo hivyo hadi E, ambayo ni 1. Pointi za masomo saba zikijumlishwa, kiwango cha juu kabisa ni 84.

Mabadiliko hayo yamewafaa wengi, kwa sababu somo moja au mawili mabaya hayaangushi tena alama yote ya jumla. Lakini yamezaa dhana potofu kwamba sayansi iliyoachwa nje ya hesabu haina kazi. Tuangalie kwa nini hilo si kweli.

Mfano: alama ya jumla B+, lakini uuguzi haupatikani

Chukulia msichana wa Ganze anayetaka kuwa muuguzi. Amefanya masomo manane na kupata hivi:

Hisabati D+ (pointi 4)
Kiingereza B+ (10)
Kiswahili A- (11)
Biolojia B (9)
Kemia D+ (4)
Historia A- (11)
Dini A (12)
Biashara A- (11)

Kwa alama ya jumla tunachukua Hisabati 4, lugha iliyo bora, ambayo ni Kiswahili 11, kisha matano bora yaliyobaki: Dini 12, Historia 11, Biashara 11, Kiingereza 10 na Biolojia 9. Jumla ni pointi 68. Ukigawanya kwa 7 unapata 9.7, na hiyo ni B+. Kemia haikuhesabiwa kabisa. Nyumbani ni vifijo.

Sasa anaomba Shahada ya Uuguzi. Kozi hiyo inadai angalau C+ katika Biolojia na vile vile katika Kemia. Biolojia anayo, Kemia hana. B+ yake haimsaidii hapo. Kijana wa jirani aliyepata B- ya jumla, lakini akiwa na C+ katika masomo yanayotakiwa, ana haki ya kuomba kozi hiyo, na msichana wetu hana.

Akishuka hadi diploma ya uuguzi, bado wataangalia Biolojia, lugha, na somo jingine la sayansi au Hisabati. Huko nako D+ zake mbili zitamkwaza. Milango iliyo wazi kwake ni mingi na mizuri, ikiwemo sheria, ualimu wa Historia na Dini, uanahabari na usimamizi. Lakini ule aliokuwa akiutazama tangu utotoni umefungwa na somo ambalo halikuhesabiwa katika alama yake ya jumla.

Funzo ni kwamba chuo hutazama mambo mawili tofauti. Alama ya jumla hukuruhusu kuingia uani. Masomo ya kozi ndiyo hukufungulia mlango wa chumba unachokitaka.

KUCCPS hutazama masomo manne

KUCCPS ndilo shirika la serikali linalowapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo anuwai. Kila kozi ya shahada iko katika kundi lenye masomo manne yanayotazamwa. Pointi za masomo hayo, pamoja na matokeo ya jumla, hutoa alama ya mwanafunzi kwa kundi hilo, na kiwango cha juu kabisa ni 48. Wanaogombea kozi moja hupangwa kwa alama hiyo. Kwa hivyo kutimiza masharti hukupa haki ya kugombea tu. Kozi zenye waombaji wengi huchukua walio juu kwanza.

Hii hapa mifano ya masomo ambayo kozi hutegemea:

Udaktari: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili.
Uhandisi: Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo la nne.
Sheria: alama ya jumla isiyopungua C+, na B katika Kiingereza au Kiswahili.
Ualimu wa sekondari: C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha.
Sayansi ya Kompyuta: Hisabati na Fizikia.
Kilimo na mifugo: Biolojia na Kemia ndizo msingi.

Tazama orodha hiyo tena. Kemia inajitokeza mara tatu. Hisabati inajitokeza katika udaktari, uhandisi na kompyuta, na kozi nyingi za biashara na uchumi huitazama pia. Kiswahili, somo ambalo baadhi ya wanafunzi wetu hulichukulia kama la kupitia tu kwa kuwa wanakizungumza nyumbani, kinaweza kumfungulia mtu mlango wa sheria.

Masharti haya yameandikwa kwa alama za KCSE. Hata hivyo, mzazi wa mtoto wa Gredi ya 9 au ya 10 anaweza kuyatumia kama dira, kwa sababu kazi zenyewe hazibadiliki. Hakuna uhandisi usio na Hisabati na Fizikia, wala famasia isiyo na Kemia. Mtoto anayetaka kazi hizo atafute mchanganyiko wenye masomo hayo. Na aliye katika Sayansi za Jamii huku akiwa na nia ya kusomea uchumi aulize shuleni kuhusu Hisabati Kuu kabla ya kuamua.

Chuo kikuu si mlango pekee

Shahada inahitaji alama ya jumla ya C+ au zaidi. Kwa diploma katika vyuo anuwai kiwango cha kawaida ni C-, na kwa cheti cha ufundi ni D. Kozi za ngazi ya chini kabisa ya ufundi humpokea hata aliyepata E. Aliyeanzia chini anaweza kupanda ngazi kutoka cheti hadi diploma na hatimaye shahada.

Huku Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, na Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Kenya Coast National Polytechnic na Bandari Maritime Academy. Mtoto wa mvuvi wa Ngomeni au Takaungu anayechagua masomo ya bahari na uvuvi hajashindwa na vitabu. Bahari ile ile inahitaji mabaharia, mafundi wa injini, wataalamu wa samaki na wahifadhi wa mikoko. Vivyo hivyo anayechagua umeme au ujenzi katika kaunti yenye mahoteli na nyumba zinazojengwa kila siku.

Hapa tueleze majukumu ya kila upande, kwa sababu swali hili huletwa mara kwa mara katika ofisi zetu. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shule za upili na vyuo vikuu viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Serikali ya Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo afisa wa wadi hawezi kubadilisha shule au mkondo aliopewa mwanao. Suala hilo hupelekwa kwa mwalimu mkuu au kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, iliyo chini ya Wizara. Ukitaka nafasi katika chuo cha ufundi cha kaunti, hapo ndipo ofisi zetu zinaweza kukusaidia moja kwa moja.

Makosa manne ya kuepuka

Kwanza, kufuata rafiki. Wanafunzi wawili wanaoketi dawati moja wanaweza kuwa na vipaji tofauti kabisa. Baada ya miaka mitatu rafiki ataenda zake, na masomo yatabaki nawe.

Pili, kuacha Fizikia au Kemia kwa sababu ya mwalimu mmoja au mtihani mmoja mbaya. Kabla ya kuacha somo, orodhesha kozi zote zitakazofungwa. Ukiziona na bado ukaridhika, acha. Usipoziona, hujaamua bado.

Tatu, mzazi kumchagulia mtoto kazi aliyoikosa yeye mwenyewe. Mtoto anayepata kiwango cha juu katika lugha na kuyumba kila muhula katika sayansi hatageuka kuwa daktari kwa kulazimishwa. Akisikilizwa, huenda akawa wakili, mkalimani au mwalimu hodari.

Nne, kuwaona wasichana kama wasiofaa kwa masomo ya ufundi, au wavulana kama wasiofaa kwa Sayansi Kimu. Fomu haina sehemu ya kuchagua masomo kwa jinsia.

Hatua tano za kuchukua nyumbani

1. Keti na mwanao jioni moja. Muulize kazi tatu anazozipenda na sababu zake. Msikilize amalize.

2. Chukua ripoti zake za mihula mitatu iliyopita. Andika masomo matatu anayofanya vizuri na matatu yanayomsumbua.

3. Kwa kila kazi aliyoitaja, andika masomo inayoyahitaji. Mwalimu wa ushauri nasaha atawasaidia. Tovuti ya KUCCPS pia inaonyesha masharti ya kila kozi, na inasomeka kwa simu.

4. Uliza shule mnayoifikiria: je, mnafundisha mchanganyiko huu? Kuna mwalimu wa somo hili? Kuna maabara au karakana? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

5. Chagueni mkondo unaoacha wazi zaidi ya kazi moja kati ya zile tatu. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaweza kubadili nia, na ni vyema masomo yake yamruhusu kufanya hivyo.

Kwa wazazi wa Kidato cha 3, masomo ya mtoto yameshachaguliwa, lakini bado kuna muda kabla ya KCSE ya 2027. Zoezi lenu ni kulinganisha masomo hayo na kozi anayoitaka na kuona ni lipi linalohitaji nguvu zaidi. Msiliache hata kama alama yake haitahesabiwa katika jumla.

Jipime

1. Mwanafunzi wa mkondo wa STEM anaweza kuchagua somo moja tu la STEM na mawili ya Sayansi za Jamii. Kweli au si kweli?

2. Mwanafunzi wa KCSE amepata A katika masomo mengi, lakini C katika Kiingereza na C+ katika Kiswahili. Je, anaweza kusomea sheria?

3. Mtoto anataka uhandisi, na shule iliyo karibu haifundishi Fizikia. Mzazi afanye nini kabla ya kujaza fomu?

4. Mwanao amepangiwa mkondo asioutaka. Utaenda ofisi gani?

Majibu: (1) Si kweli. Angalau mawili kati ya matatu lazima yatoke katika mkondo wake. (2) Hapana. Sheria inadai B katika mojawapo ya lugha hizo mbili. (3) Atafute shule nyingine yenye mchanganyiko unaojumuisha Fizikia, kwa kuwa uhandisi hauwezekani bila somo hilo. (4) Kwa mwalimu mkuu au ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Ofisi ya wadi haina mamlaka hayo.

Ukipata yote manne, msomee na jirani yako. Ukikosa moja, rudia sehemu inayohusika pamoja na mwanao kabla ya siku ya kujaza fomu.